Mabega Yaliyoinama Si Ushahidi wa Uvivu

Katika lugha ya Kiingereza limo neno dogo ambalo kwa muda mrefu limewadhulumu watu wa mabega yaliyoinama. Neno lenyewe ni "slouch". Siku hizi maana yake maarufu ni kukaa, kusimama au kutembea kilegevu, kichwa kimeinama na mabega yameshuka. Lakini hiyo siyo maana yake ya kwanza.

Neno hili lilipoanza kuandikwa, mwanzoni mwa karne ya 16, halikutaja umbo la mwili bali tabia. Lilikuwa tusi la kumwita mtu mvivu, mzito, asiye na ustadi. Hudhaniwa kuwa asili yake ni neno "slókr" la lugha ya kale ya Skandinavia, lenye maana ya mvivu. Ilipita miaka kama 200 ndipo, katika karne ya 18, lawama ile ikahamishiwa mabegani, kana kwamba aliyeinama mwili ameinama na moyo.

Kutoka mabegani neno likapanda kichwani, likawa jina la kofia laini yenye ukingo mpana unaoinama. Kofia hiyo ni alama ya askari wa Australia, na askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944 waliivaa pia. Nani atathubutu kuwaita hao wavivu? Nako Marekani, tangu karne ya 19, kusema kwamba fulani "si slouch" ni kumsifu kuwa kazi yake anaiweza barabara. Mfasiri atakayeandika kwamba mtu huyo hana kibiongo atakuwa amepotoka.

Nasi tusijione tumesalimika. Kitenzi chetu "kulegea" hutumika kwa kamba, kwa mwili na kwa kazi. Na mlegevu ni wa viungo na wa tabia vilevile. Kwa hiyo yatupasa kujihadhari. Mwalimu amwonapo mwanafunzi amejiinamia dawatini, au msimamizi amwonapo kibarua ameshusha mabega, asiharakishe kutoa hukumu. Huenda ni njaa, ugonjwa, kukosa usingizi, au dawati lisilolingana na kimo chake. Wahenga walisema, umdhaniaye ndiye siye. Na aulizwe hali kwanza. Lawama, ikiwa anaistahili, haitakimbia.