Siku ya Pili Horombo

Katika njia zote za kuukwea mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu ndiyo peke yake ambayo msafiri hulala ndani ya nyumba, juu ya godoro, ilhali wenzake wa njia nyingine hulala hemani. Na kwa sababu hiyo watu wengi huidhania kuwa njia ya raha, wakafunga safari pasi na tadbiri. Lakini godoro haliongezi hewa, na atakaye kufika juu salama sharti ayapigie hesabu malazi yake kabla hajafunga mzigo.

Vituo ni vitatu. Cha kwanza ni Mandara, katika kimo cha takriban mita 2,720, pale msitu wa mvua unapokaribia kukoma. Cha pili ni Horombo, mita 3,720, penye vichaka, ukungu na misenesio mirefu. Na cha tatu ni Kibo, mita 4,720 hivi, penye mawe na upepo. Viwili vya kwanza vimeitwa kwa majina ya mangi mashuhuri wa Kichaga, Mandara wa Moshi na Horombo wa Keni, na humo mna vibanda vya mbao ambavyo mapaa yake yameteremka hadi karibu na ardhi. Kibo ni jengo la mawe lenye vyumba vya vitanda vya deka.

Msomaji akizitazama namba hizo ataona kwamba kila kituo kimekizidi kilichotangulia kwa mita 1,000 hivi, ilhali matabibu huusia kwamba, ukishapita mita 3,000, malazi ya usiku mmoja yasiyazidi ya jana yake kwa zaidi ya mita 500. Sababu yake ni dhahiri: hewa ya Kibo, kwa wepesi wake, humpa mtu kwa kila pumzi oksijeni isiyofikia sehemu tatu katika tano za ile aipatayo pwani, na mwili hauizoei hali hiyo kwa nguvu wala kwa ushujaa, bali kwa siku. Ndiyo maana naiusia safari ya siku sita badala ya tano, hata kama gharama huongezeka. Kwani siku hiyo ya ziada hukaliwa Horombo, ambako asubuhi msafiri hupanda taratibu hadi Miamba ya Pundamilia, yenye michirizi myeusi na myeupe, kisha hushuka akalala palepale alipoamkia.

Kwa kuwa kanuni hazimruhusu mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, kampuni ya safari ndiyo imwekeayo nafasi ya kitanda, nayo iwekwe mapema, hususan kwa miezi ya ukavu, Januari na Februari, na Juni hadi Oktoba. Achukue begi zito la kulalia na taa ya kichwani yenye betri za akiba; na asisahau kwamba mizigo hupimwa kwa mizani getini, maana mpagazi, ambaye mlimani huitwa mgumu, hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 20.

Wagumu hao ndio wabebao hata maji ya Kibo, kwani huko hakuna chemchemi. Birika la jikoni hapo hutokota upesi, lakini maji yake hayazidi nyuzi 84 au 85 za joto, na maharage yangekawia mno kuiva. Kwa hiyo wapishi wajuzi huandaa supu na uji, ambavyo tumbo lililokosa hamu huvikubali. Kulala huko ni kwa saa chache tu, maana safari ya kilele huanza kiasi cha saa sita za usiku. Na mtu akionekana anayumba kama mlevi, au anatweta hali ameketi, ateremshwe papo hapo, japo ni usiku wa manane, kwani hakuna dawa ipitayo kushuka.

Jioni, katika ukumbi wa kulia wa Horombo, wapandao na washukao huketi meza moja, hawa nguo zao zingali safi, wale midomo imepasuka kwa baridi na jua. Ewe upandaye, waamkie kwa adabu, kisha waulize jambo moja tu: walipokuwa wakipanda, walilala hapa usiku mmoja au miwili?