Mhafidhina Angeanzia Wapi Cimpunda?

Karatasi ya kununulia parseli pale Cimpunda, kartie ya Kadutu mjini Bukavu, mara nyingi ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono. Ina jina la muuzaji na la mnunuzi, bei kwa dola, majina ya mashahidi, na mipaka inayotajwa kwa jirani: juu kwa fulani, chini kwenye mfereji. Mwishoni kuna sahihi, alama za vidole gumba na, kwa mwenye bahati, muhuri wa shefu wa kartie. Familia huifunga ndani ya nailoni na kuiweka pamoja na vyeti vya ubatizo. Mbele ya sheria ya nchi, karatasi hiyo peke yake haimpi mtu haki kamili juu ya parseli yake.

Hapo ndipo penye ufunguo wa kuielewa siasa ya kihafidhina katika mji kama Bukavu. Vyama vya mrengo huo, Uingereza au Marekani, vina madai yanayojulikana: mipaka ilindwe na raia alale salama, mali ya mtu iheshimiwe, fedha isipoteze thamani, kodi ziwe chache, familia na dini ziachiwe nafasi yao, na serikali isijitwike kazi ambayo watu wa chini wanaiweza. Wengi wetu huyaona hayo kuwa mambo ya matajiri wa mbali. Mimi naona wakaaji wa vilima vya Kadutu wangeyakubali karibu yote, ila wangeyapanga kwa namna yao.

La kwanza lingekuwa usalama, na halihitaji maneno mengi. Bukavu ilitekwa Oktoba 1996, mwezi uleule Askofu Mkuu wa Bukavu, Munzihirwa, alipouawa. Ikashikwa na waasi Agosti 1998, ikavamiwa tena Juni 2004, na Februari 2025 ikaingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Kabla ya hayo yote, mwaka 1991 na 1993, wanajeshi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waliochoka na mishahara isiyotosha kitu walipora miji ya nchi yao wenyewe. Anayetaka jeshi lenye heshima aanze na mshahara wa askari.

La pili ni ardhi, na hapa ndipo penye uzito. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyopitishwa chini ya Rais Mobutu, inasema katika kifungu cha 53 kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake, haiuziki wala haipotei kwa kupita muda. Raia hupewa haki ya kuitumia tu. Mkongomani anaweza kuipata haki hiyo kwa kudumu, lakini kinachoithibitisha ni cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na msajili wa hati za ardhi. Kikishatimiza miaka miwili, cheti hicho hakitikisiki kwa urahisi. Kukipata ndiyo shida: kupima, kuweka mipaka, kulipa meza hii na meza ile. Mchuuzi wa ndizi au fundi mbao huishia kwenye karatasi ya mashahidi. Ndiyo maana parseli moja huweza kuuzwa mara mbili, na kesi za ardhi zimekuwa chakula cha kila siku cha mahakama zetu. Na kila utawala mpya unapokuja na watu wake na mihuri yake, mwenye parseli hujiuliza ni sahihi ya nani itakayokubalika kesho.

Bushi ya zamani, nchi ya Washi inayozunguka Bukavu, haikuwa hivyo. Kulikuwa na kalinzi: mtu alimpa chifu ng'ombe mara moja, mbele ya watu, akapata ardhi ya kurithisha watoto wake. Kulikuwa pia na bwasa, ruhusa ya kulima kwa muda, na aliyelima kwa bwasa hakuruhusiwa kupanda migomba, kwa sababu mgomba hukaa miaka mingi na ungefanana na dai la kubaki. Ukiona shamba la migomba, ulijua mwenye haki ni nani. Sisemi tuirudie kalinzi. Ilimpa chifu nguvu nyingi na kumwacha nje asiye na ng'ombe. Lakini kwa kulinda mali ya nyumba ilikuwa wazi kuliko sheria ya 1973.

Uhafidhina wenye maana Cimpunda ungekuwa kumgeuza mkaaji kuwa mwenye mali. Serikali ya Margaret Thatcher nchini Uingereza ilifanya jambo la jinsi hiyo mwaka 1980, ilipowapa wapangaji wa nyumba za serikali za mitaa haki ya kuzinunua. Kabla ya miaka kumi kwisha, zaidi ya nyumba milioni moja zilikuwa zimeuzwa. Kwetu ingetosha kupima kartie nzima kwa pamoja, kwa bei moja iliyobandikwa ukutani. Mtu mwenye uhakika wa kubaki ana sababu ya kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia mteremko. Na ofisa anayeuza bonde la mmomonyoko kwa ajili ya kujengwa aadhibiwe kama anayejenga humo.

Mali na familia haviachani. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inaiita familia kiini cha jamii na kuiweka chini ya ulinzi wa serikali. Kanuni ya Familia ya 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Hata hivyo wakwe huja baada ya matanga na kutaka funguo, wakisema ni desturi. Anayeitetea familia jukwaani kisha akamnyamazia mjane huyo hajatetea kitu. Si kila la zamani linastahili kuhifadhiwa.

Juu ya fedha watu wetu ni wahafidhina bila kufundishwa. Walioshuhudia Oktoba 1993, zaire mpya moja ilipobadilishwa kwa milioni tatu za zamani, wameifanya dola kuwa kipimo cha kodi ya nyumba na mahari.

Shule nazo zinafundisha. Mobutu aliyanyang'anya makanisa shule mwaka 1974. Februari 1977 akayarudishia usimamizi kwa mkataba. Ni somo ambalo Papa Pius XI alikwisha kuliandika mwaka 1931: chombo cha juu kisichukue kazi inayowezwa na cha chini.

Kuna jambo moja ambalo mhafidhina wa Ulaya angelikosea hapa. Angesema, punguzeni serikali. Cimpunda serikali ni nyingi inapotoza na haba inapohudumia: watoza ushuru wapo sokoni asubuhi, gari la zimamoto halina njia ya kufikia nyumba za mbao zilizobanana. Kinachotakiwa ni serikali yenye kazi chache inazozimaliza, tena iliyo karibu. Kifungu cha 175 cha Katiba kinaiachia mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, ikatwe hapohapo yanapokusanywa. Kinshasa imezoea kuchukua yote na kurudisha kidogo inavyopenda. Wabunge wa Kivu Kusini hawahitaji sheria mpya ili kulidai hilo, na sisi tuliowachagua tuwadai wao.