Sinema ya Shamba

Mwulize mgeni kuhusu ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar lililoanzishwa 1997, atakutajia Ngome Kongwe na wasanii waliopiga picha Forodhani. Sisi watu wa shamba tunalijua kwa ngurumo ya jenereta. Tamasha hili limekuwa pia likipeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, na kwangu mimi huko ndiko linakofanya kazi yake hasa.

Mjini kulikuwa na Majestic, Cine Afrique na Empire. Shamba hatukuwahi kuwa na jumba la sinema. Wazee wanalikumbuka gari la serikali lililokuja na picha za afya na kilimo, likaondoka usiku uleule bila kumuuliza mtu kitu.

Siku ya maonyesho, ruhusa ya sheha ikishapatikana, vijana husimamisha nguzo uwanja wa mpira. Tamasha huangukia msimu wa kusi, kwa hiyo pazia likifungwa vibaya hutuna kama tanga na sura za waigizaji zinapinda. Watoto hulipenda hilo kuliko filamu yenyewe. Picha haianzi mpaka watu watoke kusali Isha; kabla ya hapo biashara ni ya wauza karanga na mihogo ya kukaanga.

Shida yangu ni uteuzi. Filamu ya Kifaransa yenye maandishi ya Kiingereza chini, bibi yangu aisome vipi? Hapo hutokea kijana mmoja akashika maiki, akatafsiri na kutia chumvi zake, kama alivyokuwa akifanya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, kwenye kanda za video. Uwanja mzima hucheka, hata pasipochekesha.

Ikija ya Kiswahili mambo hubadilika. Chukua *Aisha* (2015) ya Chande Omar, iliyopigwa Pangani, ya mwanamke anayerudi kwao na kubakwa. Jambo kama hilo halizungumzwi barazani mchana kweupe. Lakini mbele ya filamu, mama asiyethubutu kumtaja jirani humlaani mhusika kwa sauti, na waliokaa naye mkekani wanajua anamsema nani. Mazungumzo ya baada ya filamu ndiyo yanayofaa kupewa muda, nayo ndiyo hukatwa kwanza, gari likiwa na haraka ya kurudi mjini. Waandaaji walete mafuta ya jenereta ya kutosha. Wa kumpa maiki tunamjua wenyewe.