Pedali ya breki ikizama kwa gari ya stima Idsowe, cheki hivi

Msee, uko na Nissan Leaf hapo Idsowe, ukikanyaga breki pedali inazama mpaka chini. Toa mguu kwa moto, weka B: mota yenyewe itapunguza spidi. Kisha weka breki ya kupaki.

Ukishasimama, pampu pedali haraka. Ikipanda, kuna hewa ndani. Fundi wa Garsen ablidi. Ikizama polepole ukiishikilia, masta silinda imechoka ama mafuta ya breki yanavuja, so chungulia nyuma ya magurudumu. Hapo usisongeshe gari, ita bridauni.

Ikiwa ngumu kama jiwe, hiyo ni stori ingine. Busta hutumia stima, anza kupima ile betri ndogo ya volti 12. Na zile waya za orenji? Wacha kabisa, zinaua.