Mursik: Kinywaji Kinachotaka Ulimi Uliofunzwa

Siku hizi mjini Nairobi wamezuka watu wanaojadili bia kama vile washairi wajadilivyo vina na mizani. Hawaitaki ile ya kiwanda kikubwa, iliyoanza kupikwa Kenya mwaka 1922, ambayo chupa ya leo haina tofauti na ya jana. Wanataka ya kiwanda kidogo, iliyopitia mkono wa fundi, yenye uchungu wake na harufu yake. Bia si kinywaji changu, na mlango huo nawaachia wenyewe. Lakini hoja yao kwamba kinywaji cha mkono kina ladha ambayo ulimi hauna budi kujifunza, hiyo naikubali. Ushahidi wake nimeuona huku Kericho na Bomet, kwenye vilima vya chai.

Msafiri akifika huku hudhani kwamba kinywaji cha wenyeji ni chai. Waama, chai ni mgeni. Mashamba makubwa yalianza katika miaka ya 1920, chini ya makampuni ya Kiingereza, na Wakipsigis wengi waliondolewa kwenye ardhi ya baba zao ili mgeni huyo apate pa kukaa. Kabla yake kulikuwa na pombe ya wimbi, ambayo wazee waliizunguka chunguni, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakinywa na kukata mashauri. Na kulikuwa na mursik, maziwa ya kibuyu, ambayo hayakuwa ya wazee peke yao bali ya mama, mtoto na mgeni pia.

Utengenezaji wa mursik ni kazi ya watu wenye subira. Kibuyu, ambacho wao hukiita sotet, huoshwa na kukaushwa. Kisha hutafutwa tawi la senetwet, mti mdogo wenye maua ya manjano, likachomwa mpaka ncha yake ikawa kaa jekundu. Kaa hilo huingizwa kibuyuni na kusuguliwa kwenye kuta za ndani, pande zote, mpaka kibuyu kikawa cheusi na kunukia moshi. Ndipo maziwa yanapotiwa, kikafunikwa na kuwekwa mahali pa baridi kwa siku kadhaa. Yakitoka yameganda na kuchachuka, na rangi yake si nyeupe tena bali ya kijivujivu, kama mawingu ya Kericho saa za alasiri.

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuushangaa moshi huo. Bibi zetu walikuwa wakifukiza mtungi wa maji kwa ubani, na maji yasiyofukizwa wakiyaona kama mchuzi usiotiwa chumvi. Hata hivyo, bakuli la kwanza nililopewa Bomet lilinikunja uso. Uchachu ulitangulia, moshi ukafuata, na nyuma yao ikabaki ladha ya jivu. Mwenyeji wangu alicheka, akanijazia tena. Bakuli la tatu, siku ya pili yake, nililiomba mwenyewe, pamoja na sima ya wimbi. Tangu hapo maziwa ya pakiti nayaona kama shairi lisilo na kituo.

Heshima ya kinywaji hiki si ndogo. Wanariadha wa Kenya warudipo na medali hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Tena usisahau kwamba medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki, ile ya shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, ililetwa na mwana wa Kericho, marehemu Wilson Kiprugut.

Lakini mapenzi hayapasi kuziba masikio. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, imejulikana kwa miaka mingi kwa wagonjwa wake wengi wa saratani ya umio, ile njia ya chakula. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha habari kwamba huku maradhi hayo huwapata hata vijana. Mwaka 2013 wataalamu wengine wakaandika kwamba waliipima mursik wakakuta ndani yake alkoholi kidogo na asetaldehaidi, kemikali yenye sumu inayozaliwa pamoja nayo. Walisema huenda hiyo ikawa miongoni mwa sababu. Hawakusema ndiyo sababu. Chai nayo haikuachwa: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya digrii 65 pengine huleta saratani hiyo hiyo.

Msomaji aliyepita chuoni ataniuliza juu ya hiyo alkoholi. Kipimo tulichofundishwa ni ulevi: kinacholevya kikiwa kingi, kidogo chake pia hakifai. Mimi sikuona mtu aliyeleweshwa na mursik, na huku watoto huinywa mchana kweupe. Hukumu yenyewe ni ya masheikh. Mimi ni mwandishi tu.

Lililo wazi ni kwamba ufundi huu unahitaji elimu mbili, ya bibi na ya maabara. Kuchemsha maziwa kabla ya kuyatia kibuyuni, kama wafanyavyo wengi siku hizi, huua vijidudu vya kifua kikuu na brusela vitokavyo kwa ng'ombe. Hakuondoi asetaldehaidi, kwani hiyo huja baadaye, maziwa yakichachuka. Alkoholi ni kazi ya hamira, na uchachu ni kazi ya bakteria. Basi wataalamu wakiwasaidia akina mama kupata chachu yenye bakteria wema na hamira chache, kibuyu kitabaki na heshima yake bila hofu.

Kazi hiyo haifai kungoja. Mursik sasa huuzwa kwenye chupa za plastiki kando ya barabara na madukani, kwa watu ambao hawakupata kuliona tawi la senetwet likiwaka. Vyuo vya kilimo na hospitali za huku ziwaite mafundi wenyewe wa vibuyu, wakae pamoja, wapime na kufundishana. Na wewe msomaji, ukikaribishwa huku, pokea bakuli kwa mikono miwili, na chai uiache ipoe kidogo.