Pengo na Mwanya: Istilahi za Nuru ya Fuwele Ndogo za Perovskaiti

Elimu ya fizikia, kila ipatapo jambo jipya, huidai lugha jina. Na jina likiwekwa bila kupimwa huweza kumpoteza mwanafunzi kabla hajalifikia jambo lenyewe. Mfano ulio dhahiri ni nuru itokayo katika fuwele ndogo za perovskaiti.

Perovskaiti ni madini yaliyopatikana katika milima ya Ural, nchini Urusi, mwaka 1839. Gustav Rose, mtaalamu wa Kijerumani, aliyaita hivyo kwa heshima ya Lev Perovski. Leo jina hilo lahusu vitu vyote ambavyo atomu zake zimepangika kama za madini hayo. Mwaka 2015, mjini Zürich, Loredana Protesescu, Maksym Kovalenko na wenzao walieleza namna ya kutengeneza fuwele za aina hiyo kwa sesiamu, risasi, na klorini, bromini au iodini. Kila fuwele ni mchemraba wenye ubavu wa nanometa 4 hadi 15, na nanometa moja ni sehemu ya milioni ya milimita.

Fuwele hizi ni nusu vipitishi, yaani hupitisha umeme kuliko kioo, lakini si kama shaba. Elektroni zake zina ngazi mbili za nishati: ya chini iliyojaa, na ya juu iliyo tupu. Fuwele ikimulikwa, elektroni hupokea nishati ikaruka hadi ngazi ya juu, na huko ilikotoka hubaki nafasi. Nafasi hiyo haitulii. Ni kama watu walioketi kwa kubanana barazani: mmoja akiondoka, jirani husogea, na jirani wa jirani vilevile, hata mtazamaji akaona kwamba kinachotembea ni ile nafasi. Kwa kuwa elektroni ina chaji hasi, nafasi iliyoachwa huwa kama chaji chanya; basi hizo mbili huvutana na kwenda pamoja. Jozi hiyo ndiyo eksitoni, ambayo nadharia yake ilitolewa na Yakov Frenkel mwaka 1931. Elektroni irudipo na kuijaza nafasi, jozi hukoma, na nishati yake hutoka kuwa nuru.

Hapa ndipo lugha inapojaribiwa. Mfasiri aweza kuiita ile nafasi "pengo", kisha akauita "pengo" pia ule umbali ulio baina ya ngazi mbili. Akifanya hivyo, somo litasema kwamba elektroni huvuka pengo ili ijaze pengo, na msomaji hatajua lipi ni lipi.

Kiswahili, hata hivyo, kimekwisha kuzitenga maana hizo kinywani. Pengo ni mahali palipong'oka jino. Mwanya ni nafasi ya maumbile baina ya meno mawili, ambapo hapakuwa na jino kamwe. Pengo ladai kilichopotea. Mwanya haudai kitu. Vivyo hivyo, nafasi iliyoachwa na elektroni ni pengo, kwani hujazika. Na umbali baina ya ngazi ni mwanya, kwani katika fuwele isiyo na kasoro elektroni haikai humo. Upungufu mmoja wabaki: pengo la kinywani halihami, na hili huhama. Jambo hilo mwalimu hana budi kulieleza.

Istilahi zikitengwa hivyo, mengine hueleweka kwa wepesi. Mwanya ukiwa mpana, nuru huelekea zambarau; ukiwa mwembamba, huelekea nyekundu. Klorini huupanua, iodini huupunguza, na bromini, iliyo kati, hutoa chanikiwiti. Udogo nao una kazi yake: eksitoni katika fuwele za bromini ina upana wa nanometa 7 hivi, ikibanwa katika fuwele isiyozidi kipimo hicho, nishati yake hupanda na rangi husogea kuelekea samawati. Tena, katika nusu vipitishi vingi kasoro za fuwele huweka vituo katikati ya mwanya, elektroni zikanaswa humo na nishati ikapotea kuwa joto. Katika perovskaiti hizi, kasoro zilizo nyingi hazikai hapo katikati. Ndiyo sababu fuwele za mwaka 2015 ziliweza kurudisha hadi chembe 90 za nuru kwa kila 100 zilizomezwa.

Elektroni na eksitoni ni majina ya kukopa, nayo yafaa, kwani yataja vitu ambavyo lugha haikuvijua. Lakini uhusiano wa vitu hivyo, kilichopotea na kisichokuwapo, Kiswahili kilikwisha kuutaja. Na mtunga istilahi apaswa kuuliza kwanza humo.