Ugomvi wa samaki wa mapambo

Ugomvi wa samaki wa mapambo ni tabia ya samaki wanaofugwa katika tangi la kioo kufukuzana, kugongana, kung'atana mapezi au kuzuiana chakula. Hutokea kwa samaki-dhahabu (Carassius auratus), kwa mbuna wa Ziwa Nyasa, na pia kwa samaki wadogo wa madimbwi wa jenasi Nothobranchius, ambao baadhi ya spishi zao asili yake ni Bonde la Kilombero nchini Tanzania.

Kufukuzana kwa muda mfupi ni jambo la kawaida na mara nyingi hakuna madhara. Hatari huanza pale samaki aliyeshindwa anapokosa mahali pa kukimbilia. Katika mto, ziwa au dimbwi huondoka zake. Ndani ya tangi hukutana na aliyemshinda mchana kutwa. Kwa sababu hiyo njia nyingi za kutuliza ugomvi hulenga kwanza kubadilisha tangi, kisha ndipo kumwondoa samaki.

Chanzo cha ugomvi

Samaki hugombana kwa sababu kuu nne: chakula, eneo, uzazi na cheo. Madume wa spishi nyingi hulinda sehemu ya kutagia na kumfukuza dume mwingine anayeikaribia. Samaki wengine hawana eneo maalumu, ila hushindana kila chakula kinapoletwa.

Cheo kimechunguzwa sana kwa samaki Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika. Dume anayetawala huwa na rangi kali na mstari mweusi unaopita kwenye jicho. Dume aliyeshindwa hufifia rangi na uwezo wake wa kuzaa hupungua. Mtawala akiondolewa, aliye chini yake huweza kuanza kubadilika rangi na tabia katika muda wa dakika chache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha pia kwamba samaki hao hutazama mapigano ya wenzao na kukisia nani ana nguvu kuliko nani bila kupigana nao wenyewe. Hii inaeleza kwa nini tangi lenye samaki waliozoeana huwa tulivu, na kwa nini kuingiza samaki mgeni mara nyingi huamsha ugomvi upya.

Hali mbaya ya tangi huongeza ugomvi. Maji machafu, joto lisilofaa na msongamano huwadhoofisha samaki, na samaki mgonjwa hushambuliwa kwa urahisi kwa kuwa hawezi kukimbia wala kujitetea.

Mfano wa Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero liko mkoani Morogoro, upande wa kusini-mashariki wa milima ya Udzungwa. Vijiji kama Sanje na Mang'ula viko chini ya milima hiyo, na mji mkubwa wa bonde ni Ifakara. Wakati wa mvua mto Kilombero na vijito vyake hufurika na kuacha mabwawa na madimbwi mengi. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya madimbwi hayo hukauka. Mwaka 2002 eneo hili la mafuriko liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Mwaka huohuo wanasayansi Wildekamp, Watters na Sainthouse walieleza spishi mbili mpya kutoka bonde hilo: Nothobranchius kilomberoensis na Nothobranchius geminus. Kama ilivyo kwa jenasi yao yote, samaki hawa huishi katika madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka, samaki wazima hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope hadi mvua inayofuata. Ndugu yao anayejulikana zaidi kwa wafugaji, Nothobranchius guentheri, asili yake ni kisiwa cha Unguja.

Madume wa Nothobranchius wana rangi za kung'aa, na majike ni wa rangi ya kijivu au kahawia. Madume wawili wakikutana hutanua mapezi, husimama ubavu kwa ubavu, kisha hufukuzana na kung'atana. Dume pia humfuata jike karibu muda wote ili atage. Katika dimbwi la Kilombero majani mengi na maji yenye tope humficha anayekimbia. Katika tangi tupu lenye maji maangavu hakuna kificho. Maisha yao yote ni miezi michache, kwa hiyo dume anayezuiwa kula kwa wiki mbili, au jike asiyepata nafasi ya kupumzika, hupoteza sehemu kubwa ya muda wake wa kuishi na kuzaa.

Samaki-dhahabu

Samaki-dhahabu walianza kufugwa China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa kawaida ni wapole na hawalindi eneo. Mfugaji anapoona mmoja akimfukuza mwingine, kuna sababu tatu za kuangalia kwanza.

Sababu ya kwanza ni uzazi. Dume aliye tayari kuzaa huota vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua, na humsukuma jike kwa kichwa karibu na tumbo na mkia. Tabia hii huisha yenyewe baada ya siku chache, lakini jike mmoja akifuatwa na madume kadhaa huweza kuchoka hadi kufa.

Sababu ya pili ni chakula. Samaki-dhahabu mwembamba wa mkia mmoja ana mbio kuliko yule wa mwili wa duara na mikia miwili. Wakiwekwa pamoja, mwenye mbio hula karibu chakula chote, na mwenzake hukonda pole pole bila jeraha lolote kuonekana.

Sababu ya tatu ni nafasi. Samaki-dhahabu huuzwa wakiwa wadogo, lakini huweza kufikia urefu wa sm 20 au zaidi. Bakuli la kioo haliwatoshi, hata likiwa na samaki mmoja tu.

Dalili

Samaki anayeonewa hutambuliwa kwa dalili hizi:
- hukaa kwenye kona, juu kabisa ya maji au nyuma ya pampu;
- hukunja mapezi, au mapezi huonekana yamechanika;
- hupoteza magamba au rangi;
- hungoja wenzake wamalize kula, au hali kabisa;
- hupumua haraka hata wakati hafukuzwi.

Kupumua haraka kwa samaki wote kwa pamoja si dalili ya uonevu. Mara nyingi humaanisha kwamba maji yamechafuka au hewa haitoshi.

Njia za kutuliza

Hatua ya kwanza ni kutazama tangi kwa dakika 15 hadi 20, wakati wa kulisha na wakati mwingine, ili kujua nani anafukuza, nani anafukuzwa na wapi. Baada ya hapo njia zifuatazo hutumika, kwa kuanza na zile rahisi.

Kusafisha maji. Kubadilisha takriban robo ya maji kila wiki hupunguza uchafu unaowasumbua samaki. Maji ya bomba yenye klorini hutiwa dawa ya kuiondoa, au huachwa kwenye chombo cha wazi kwa siku moja kabla ya kutumika.

Kulisha sehemu mbili. Chakula kinachotiwa kwa wakati mmoja kwenye pande mbili za tangi hakiwezi kulindwa na samaki mmoja.

Kuweka vificho. Mimea, mawe na vipande vya chungu vilivyopangwa ili kukata tangi katikati humwezesha anayekimbia kutoonekana. Wafugaji wa Nothobranchius hutumia pia vifungu vya nyuzi za kufumia vinavyoning'inia majini. Kificho chenye mlango mmoja tu hakifai, kwa kuwa aliyeingia huweza kuzingirwa humo.

Kurekebisha idadi. Dume mmoja wa Nothobranchius hufugwa na majike wawili au watatu ili asimwandame mmoja tu. Madume wawili ndio mpangilio mbaya zaidi, kwa sababu hasira yote ya mkubwa humwangukia mdogo. Katika tangi kubwa, madume sita au zaidi hugawana mashambulizi, na hakuna anayebeba yote. Wafugaji wa mbuna hutumia kanuni hiyohiyo, pamoja na kichujio chenye nguvu cha kuhimili wingi wa samaki.

Kulinganisha ukubwa. Wafugaji wa kambare (Clarias gariepinus) huwatenga vifaranga kwa ukubwa mara kwa mara, kwa sababu wakubwa huwala wadogo. Kanuni hii hufaa hata katika tangi la sebuleni.

Kupanga tangi upya. Mawe na mimea vikihamishwa, mipaka ya zamani hupotea na kila samaki huanza upya. Ni vizuri kufanya hivyo siku ya kuingiza samaki mgeni.

Kumtenga mshambuliaji. Anayefaa kutolewa kwanza ni anayeshambulia, si anayeonewa, isipokuwa huyu amejeruhiwa. Baada ya siku kadhaa hurudishwa akiwa kama mgeni, na wenzake huwa wamekwisha kugawana nafasi. Badala ya chombo kingine, tangi linaweza kugawanywa kwa wavu au plastiki yenye matundu. Uonevu ukirudi, samaki hao hawafai kukaa pamoja tena.

Kumtunza samaki aliyejeruhiwa

Samaki mwenye majeraha huwekwa peke yake katika ndoo au tangi dogo lenye maji safi, joto sawa na la tangi alikotoka, na pampu ya hewa. Chumvi ya gramu 1 hadi 3 kwa kila lita ya maji hutumika kwa siku chache kusaidia uponaji. Pezi lililochanika huota tena kama shina lake halikuharibika. Utando mweupe kama pamba juu ya jeraha ni dalili ya ukungu, na huhitaji dawa.

Samaki asiyetakiwa

Samaki mkorofi hatakiwi kuachiliwa mtoni, ziwani wala kwenye dimbwi. Samaki wageni huweza kuleta magonjwa, kula mayai ya wenyeji au kuzaana nao. Nchini Tanzania sato (Oreochromis niloticus) aliyepandikizwa nje ya maji yake ya asili amekwisha kuzaana na perege wa kienyeji. Kwa spishi zinazoishi katika madimbwi ya bonde moja tu, kama Nothobranchius wa Kilombero, hasara ya namna hiyo ni vigumu kuirekebisha. Samaki kama huyo hupewa mfugaji mwingine mwenye tangi kubwa, au hufugwa peke yake.